Kilio Ambacho Kuta Nne Hazikukisikia

Inasimuliwa kwamba hapo kale, katika nchi ya Uholanzi, zama ambazo kila jimbo lilikuwa na bwana wake na kila bwana na ngome yake, aliishi mkunga mcha Mungu akiitwa Geertrui. Jina la jimbo lile wasimulizi hawakutuhifadhia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Walichohifadhi ni kwamba ardhi yake ilikuwa chini kuliko bahari, ikilindwa na matuta makubwa ya udongo, na kwamba mama huyu haingii chumba cha mzazi ila amenawa na kusali. Ulimi wake ulikuwa haujui uongo, hata ule mdogo wa kumbembelezea mtoto anywe dawa.

Naona baadhi yenu mnatazamana. Mwalimu leo katupeleka wapi, kwenye nchi ya barafu na watu wa dini nyingine? Tulieni, ndugu zangu. Waja wema wa Mola hawakuumbwa bara moja.

Basi bwana wa jimbo lile alishikwa na homa akafariki, akamwacha mkewe kijana, Bibi Machteld, na mimba ya kwanza. Marehemu alikuwa na ndugu mmoja, Bwana Wolfert, mwenye ngome yake mwenyewe upande wa mtoni, mtu mkavu wa moyo asiyejua huruma. Wolfert huyu alikuwa amewaamuru wachimbaji waache matuta ya bahari msimu wa tufani, waende wakachimbe handaki la kuzunguka ngome yake. Kijana mmoja akasimama mbele ya wenzake akakataa. Alisema maji hayamsubiri mtu. Wolfert akamtia gerezani na kumhukumu kunyongwa. Kijana huyo alikuwa Evert, mtoto wa pekee wa Geertrui, ambaye baba yake alikwisha kufa zamani kwa kuzolewa na mawimbi akiziba tuta.

Sasa ifahamuni sheria yao, maana kisa chote kimeegemea hapo. Mtoto akizaliwa akalia, kilio kikasikika ndani ya kuta nne za chumba, basi huyo ameishi, ijapokuwa kwa kitambo cha kupepesa jicho. Atamrithi baba yake, na akifa, mama yake atamrithi yeye. Asipolia, huhesabiwa kwamba hakuwahi kuwa mtu, na urithi humwendea ndugu wa baba. Na shahidi wa kilio ni mkunga. Huweka mkono juu ya Injili mbele ya wazee wa baraza, akasema alilia au hakulia, na neno lake halirudiwi.

Bibi Machteld alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Aliomba watu wote watoke, abaki na Geertrui peke yake. Mtoto akazaliwa, mwanamume, mzuri, kimya. Geertrui alimpulizia pumzi kinywani, akampiga nyayo, akamtia maji ya moto na maji ya baridi, akamsugua kifua kwa kiganja. Alimwita kwa majina yote matamu aliyoyajua, huku akimwomba Mola kilio kimoja tu. Mtoto hakulia. Alipopoa mikononi mwake, mama yule alimfunga kitambaa cheupe, akamlaza kifuani pa mamake, naye akaketi sakafuni.

Bibi Machteld alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akamshika mkono.

"Mama Geertrui," alisema, "tulikuwa wawili tu humu. Sema alilia. Nikishika nchi, amri yangu ya kwanza ni kumtoa Evert gerezani. Shemeji akiishika, unajua atakalofanya."

"Najua, bibi yangu."

"Basi utasema?"

Geertrui hakujibu. Na msidhani alinyamaza kwa sababu alikuwa imara. Alinyamaza kwa sababu alikuwa anatafuta. Aliurudia uzazi ule kichwani tangu mwanzo, akitafuta hata mkwaruzo wa sauti, hata pumzi iliyokosea njia ikatoa mlio. Upepo ulikuwa ukivuma kwenye bomba la moshi. Akajaribu kujishawishi kwamba haukuwa upepo. Walahi, alitaka kudanganyika. Moyo wake ukakataa kudanganyika.

Alipotoka nje alikuta watu wamejaa uani, wachimbaji na wake zao, na mabonge ya matope miguuni. Walikwisha sikia kilio cha Bibi Machteld bila kusikia cha mtoto, wakaelewa. Walimpigia magoti. Mwanamke mmoja ambaye Geertrui alimzalisha watoto wake wote alimshika pindo la nguo akamwambia, "Mama, ukimpa Wolfert nchi, bahari itatumeza sisi na hawa uliowatoa tumboni mwetu. Neno moja tu, mama. Mungu hatakuhesabia."

Walikuwa wanasema kweli kuhusu bahari. Hapo ndipo penye uzito wa mtihani ule, ndugu zangu. Shetani angemjia na kikapu cha dhahabu, angemfukuza kwa ufagio. Alimjia na machozi ya watu wema, na shingo ya mwanawe.

Baraza likakaa chumba kile kile alichozaliwa mtoto, kama ilivyokuwa desturi. Bibi Machteld alikuwa kitandani, mweupe kama shuka lake. Bwana Wolfert alisimama mlangoni akiwa amekunja uso, kwa kuwa alikuwa na hakika mama wa mfungwa wake atamtolea ushahidi mbaya. Geertrui akaweka mkono juu ya Injili. 

"Kuta nne zilisikia?" akauliza mzee.

"Hazikusikia," akasema Geertrui. "Nilimwomba Mungu zisikie. Hakulia."

Bibi Machteld aligeukia ukutani. Hakumtazama tena mkunga wake mpaka siku alipohama ngome ile.

Wolfert alipigwa na butwaa. Kisha akacheka, akamtupia mfuko wa fedha miguuni. "Ajuza, umenipa nchi. Omba utakalo."

"Nipe mwanangu, bwana."

"Huyo hapana. Watu wangu watasema natishika. Ukitaka, kamwone leo, kesho ananyongwa."

Mfuko ule aliuruka kama mtu anavyoruka dimbwi, akaenda zake. Njiani watu waliompigia magoti walimpa mgongo. Wengine walitema mate. Yule mwanamke wa pindo la nguo alimfungia dirisha. Geertrui hakuwalaumu. Alitembea akilia kwa sauti, bila kujificha, na mara nyingi alisimama akamuuliza Mola wake, "Ndivyo ulivyotaka? Ndivyo hivi?" Hakujibiwa.

Alimkuta Evert amekaa kwenye majani makavu, amefungwa mnyororo. Habari ilikuwa imemtangulia.

"Neno moja tu, Mama," alisema kijana.

"Ndiyo, mwanangu. Neno moja."

"Na hukulisema."

"Sikulisema."

Akageuza uso. Mama akaketi kando yake juu ya majani, wala hakujitetea. Hatimaye Evert akauliza, "Kweli hakulia?"

"Nilimpulizia mpaka kifua kikaniuma. Hakulia."

Evert akatikisa kichwa polepole. Alikuwa kijana, na alikuwa anaogopa, na hofu yake ikamfanya aulize swali la kitoto.

"Na mimi je, Mama? Mimi nililia?"

Geertrui akamshika uso kwa mikono yake miwili. "Ulilia, mwanangu. Ulilia kuta zote nne zikasikia, na babako akakusikia akiwa juu ya tuta, akaacha koleo lake akaja mbio akicheka."

"Alikuja akicheka?"

"Akicheka, na matope mpaka magotini."

Kijana akafumba macho, mabega yakamshuka. "Hili naliamini," alisema. "Angenambia mtu mwingine, ningesema ananiliwaza tu. Lakini wewe hukudanganya hata kwa ajili yangu." Kisha akasema, "Kesho utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Akaliamini hilo pia. Alilaza kichwa mapajani pa mamake akalala. Asubuhi alipopandishwa jukwaani pa kunyongewa, alitupa macho kwenye umati mara moja tu, mahali alipojua atamwona, akamwona.

Wolfert aliitawala nchi, na yaliyosemwa kuhusu matuta yakawa: bahari iliyavunja. Sitawadanganya kwamba Geertrui alilipwa duniani, maana sikupokea hivyo. Aliishi peke yake, akazeeka, akafa, na waliomzika walikuwa wachache.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu atakuja kukaa kando ya mtu anayeiaga dunia, naye atatuuliza jambo, akitutazama machoni. Siku hiyo hatutakuwa na cha kumpa ila neno letu. Tumwombe Mola atujaalie, siku hiyo ikifika, neno letu liwe bado linaaminika.