Zamu ya Jua

Kuuliza si ujinga. Methali hii watu huipenda sana inapomhusu mtu mwingine. Ikifika zamu yao wenyewe ya kuuliza, hujikuna kichwa, wakakohoa, wakaona heri kupotea njia kuliko kuonekana hawaijui. Happy hakuwa mtu wa namna hiyo. Aliuliza tangu alipojua kusema, na kwa kuuliza huko nusura aukose uuguzi.

Alikuwa msichana wa Tukuyu, mkoani Mbeya, aliyekuja kusomea uuguzi Iringa mjini. Chuoni walimbandika jina la Happy Kwa Nini. Mwalimu akisema dawa fulani hutolewa baada ya chakula, mkono wa Happy ulikuwa juu: kwa nini isiwe kabla? Wodini nako alikuwa hivyo hivyo. Wagonjwa wa wenzake walikuwa wamekwisha kumeza dawa na kulala tena, yeye bado anazungumza na mgonjwa wa pili. Ulipokuja mtihani wa vitendo wa kugawa dawa, muda ulimwishia mikononi, akafeli. Alipewa nafasi moja tu ya marudio. Akiikosa hiyo, angerudia mwaka mzima huku wenzake wakivaa sare za kazi.

Asubuhi ya marudio, Marcelino, rafiki yake ambaye naye alikuwa anarudia mtihani huo, alimshika bega walipokuwa wakitoka mtaa wa Kihesa kwenda hospitali.

"Leo fumba mdomo, dada," alimwambia. "Soma faili, mpe mtu dawa yake, songa mbele. Pale unatafuta maksi, hutafuti mchumba."

Happy alicheka, lakini maneno yalimwingia. Aliapa moyoni kwamba siku hiyo maswali yake yangebaki mfukoni.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Iringa mwezi huo haina adabu. Hupenya blanketi, ikapenya ngozi, ikaenda kukaa kwenye mifupa. Katika wodi ya wanaume kulikuwa na dirisha moja tu lililopokea jua la asubuhi, na wazee waliolazwa hapo walikuwa na utaratibu wao wenyewe. Walipokezana kitanda cha dirishani. Wauguzi wa usiku wakishamaliza shughuli zao, mzee wa zamu alibeba blanketi lake akaenda kuota jua, na mwenye kitanda akahamia kwake. Kwao huo ulikuwa ujirani mwema tu, kwa hiyo hawakuona sababu ya kumwambia mtu.

Mtihani ulianza. Mwalimu Anjela, mwanamke mrefu asiyecheka kazini, alisimama nyuma ya Happy na kalamu, karatasi ya maksi, na simu iliyohesabu muda. Happy hakupoteza dakika. Alisoma faili, akaita jina, mgonjwa akaitika, dawa ikaenda. Upande wa pili wa wodi Marcelino alikuwa amekwisha kumaliza, amekunja mikono, anamwonyesha dole gumba.

Kikabaki kitanda cha dirishani. Faili lililoning'inia miguuni lilikuwa la Mzee Zabron, mgonjwa wa kisukari, ambaye sukari yake ilikuwa imepimwa alfajiri. Happy alivuta insulini kwenye bomba la sindano, muuguzi wa zamu akahakiki kipimo, kikawa sawasawa. Muda ulikuwa umebaki kiduchu, lakini ulitosha.

"Shikamoo, babu. Wewe ndiye Mzee Zabron?"

"Ee, mwanangu. Kamwene," alijibu mzee kwa salamu ya Kihehe, uso wake ukiwa umejaa jua, akanyoosha mkono wake mwenyewe.

Happy aliushika mkono ule. Alikuwa amekwisha kuupaka spiriti alipomkumbuka babu yake wa Tukuyu, Mzee Andendekisye. Daktari akimwuliza babu huyo kama amepona, alijibu ee. Akimwuliza kama bado anaumwa, alijibu ee vilevile. Kwake yeye, kumkatalia mtu wa hospitali kulikuwa sawa na kumrudishia mwenyeji sahani ya chakula. Na mzee huyu wa dirishani alikuwa na tabasamu lilelile la babu.

Happy aliogopa. Alijua kwamba akianza kuuliza, muda uliobaki ungekwisha, na mwaka wake mzima ungekwenda nao. Hata hivyo aliishusha sindano.

"Babu, samahani. Mimi nimekutajia jina. Sasa nitajie wewe. Unaitwa nani?"

"Si umeshasema?"

"Nataka nilisikie kinywani mwako."

Mzee alicheka. "Gerson. Gerson wa Kalenga."

Kalamu ya Mwalimu Anjela ilisimama.

"Sasa nilipokuita Zabron, mbona umeitika?"

"Lo! Mtoto wa watu amevaa nguo nyeupe, amenisalimia vizuri, nimbishie? Nilijua mwisho utafika tu kwenye jina langu."

"Na Mzee Zabron yuko wapi?"

"Yule pale, kitandani kwangu. Leo ni zamu yangu ya jua."

"Wewe umekula, babu?"

"Nile wapi? Nasubiri kupasuliwa ngiri. Tangu jana jioni sijaonja hata chai."

Insulini kazi yake ni kushusha sukari mwilini. Kama ingeingia kwa mtu asiye na kisukari, tena mwenye tumbo tupu, Mzee Gerson angepoteza fahamu pale pale kwenye jua lake, na watu wangedhani amesinzia. Wakati huo huo simu ya mwalimu ililia. Muda ulikuwa umekwisha.

Happy hakugeuka hata kuitazama. Alichukua faili, akaenda hadi kitanda cha ndani, ambako mtu alikuwa amejifunika gubigubi.

"Shikamoo, babu. Unaitwa nani?"

Blanketi lilishuka kidogo. "Zabron," mzee alisema kwa unyonge. "Nilikuona ukinipita na sindano yako, nikamshukuru Mungu. Nikasema leo nimesamehewa."

Wodi nzima iliangua kicheko. Happy naye alicheka huku machozi yakimlenga. Alimwuliza Mzee Zabron umri wake na kijiji chake, akalinganisha na faili, kisha akamchoma sindano ambayo ilikuwa yake tangu mwanzo.

Mwalimu Anjela alimwita pembeni.

"Muda ulikuishia," alisema. "Maksi za muda nimekunyima zote."

Happy aliinamisha kichwa. "Sawa, Madam."

"Za usalama wa mgonjwa nimekupa zote, nazo zinatosha. Umefaulu." Mwalimu akashusha sauti. "Nami nilimsikia akisema ee, nikaamini. Ningekuacha umchome."

Marcelino hakusubiri kuambiwa. Alirudi upande wake wa wodi akiwa na mafaili mkononi na jasho usoni, baridi yote ile, akimwuliza mgonjwa mmoja mmoja jina lake. Bahati ilimpendelea, kila mmoja alikuwa kitandani mwake. Kwa woga aliokuwa nao alimwuliza hata mfagizi, Samwel.

"Marcelino," Samwel alimjibu, "si tumepanga nyumba moja?"

Tangu siku hiyo wazee waliruhusiwa kuendelea na zamu yao ya jua, ila anayehama anahama na faili lake. Mzee Gerson alipasuliwa ngiri yake salama. Siku ya pili Happy alipomletea dawa ya maumivu, mzee alikuwa tayari anamsubiri, ameinua kidole.

"Gerson wa Kalenga! Nimesema kabla hujauliza."

"Nimekusikia, babu," Happy alisema, akalifungua faili. "Haya, unaitwa nani?"

Mzee akacheka hadi akashika mshono wake, akalitaja tena jina lake, ndipo akapewa dawa. Maana kuuliza si ujinga.