Unaisa na Mtengeneza Sabuni

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Sham alikuwako mtengeneza sabuni aitwaye Jubeiri, na mjane mcha Mungu aitwaye Unaisa, aliyemchuuzia sabuni hiyo vijijini. Jina la Jubeiri lilifika huko kwa miguu ya Unaisa na wachuuzi wenzake. Hilo Jubeiri alilisahau upesi, na ndivyo tulivyo wanadamu.

Siku moja tamaa ikamwingia, akaona faida ya wachuuzi ni mali yake inayopotea. Bila hata kuwaambia, akatuma mpiga mbiu vijijini: njooni karakanani kwangu mnunue rahisi, msikubali kupunjwa na wachuuzi. Kupunjwa! Mwanamke aliyewakopesha wazazi sabuni ya kuogeshea vichanga, leo anaitwa mwizi! Wateja wakamfungia Unaisa milango, na moto haukuwaka tena jikoni kwake.

Wachuuzi wenzake wakamshauri aeneze kwamba sabuni ya Jubeiri ina mafuta ya nguruwe. Hasira yake haikuwa ndogo kuliko yao, wallahi, lakini alikataa katakata kumsingizia mtu.

Haukupita muda, wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba sabuni ya karakanani inayeyuka mkononi kama uji. Wakampeleka Jubeiri kwa kadhi, wakidai amewauzia sabuni bandia na karakana yake ifungwe. Kadhi akamwita Unaisa atoe ushahidi. Angenyamaza tu, Jubeiri angekwisha.

Unaisa alimtazama dhalimu wake, kisha akamgeukia kadhi.

"Ewe kadhi," akasema, "sabuni ni ile ile, haina hila. Sisi wachuuzi huichukua ingali mbichi, tukaianika juu ya mapaa yetu hadi ikauke, ndipo tukaiuza. Yeye ameiuza mbichi kwa kutojua. Amenidhulumu mimi, wao hakuwadhulumu."

Jubeiri akainamisha kichwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwauliza wachuuzi wanaifanyia nini sabuni yake. Kadhi alipomwachilia, alimfuata Unaisa nje akimsihi arudi, achukue faida aitakayo.

"Faida yangu ni ile ile," Unaisa akamjibu. "Lakini umenivunjia heshima kwa kila mteja wangu. Nenda ukairudishe mlango kwa mlango, kwa mdomo wako mwenyewe."

Naye akaenda, akabisha hodi kila nyumba.

Ndugu zangu, tumwogope Mola kwa wale wanaobeba bidhaa zetu. Mtu hula kwa jasho la mwenzake mwaka hadi mwaka, kisha humwita mnyonyaji siku aionapo njia ya mkato. Aibu iliyoje! Na Unaisa, Mola amrehemu, alimsemea kweli aliyemdhulumu, hali amelala na njaa.