Mashine Tatu Zilizolazwa Mchana

Hii nimetumiwa na mtu ninayemwamini. Isome yote, kisha umpelekee mwenzako kabla simu haijaisha chaji.

Palikuwa na mtemi aitwaye Mhoja, na nchi yake ilikuwa na mashine tatu za umeme kwenye maporomoko ya mto. Mwangalizi wa mashine hizo alikuwa mama mmoja mtu mzima, Bi Nyamizi. Kila asubuhi aliweka kiganja juu ya kila mashine, akasikiliza, kisha akampigia simu Mtemi.

"Zote tatu ziko macho, Mtemi."

"Ahsante, mama," Mtemi alijibu, na siku ikaanza.

Sheria ilikuwa moja tu. Hakuna ruhusa ya kuzima mashine bila kueleza sababu mbele ya Mtemi. Kwa miaka kumi na tisa Bi Nyamizi alizizima mara mbili, na mara zote mbili alikwenda kujieleza kwa miguu yake.

Mashine zikachakaa, na hazina ikawa haina kitu. Wakaja wageni watatu wenye suti nzuri na maneno laini, kila mmoja anataka mashine moja.

"Tukiwa watatu tutagombania wateja," walisema. "Bei itashuka yenyewe."

Ila waliomba jambo moja dogo. Ile sheria ifutwe, kwa kuwa mfanyabiashara hafanyi kazi vizuri akiwa anaulizwaulizwa. Mtemi hakuona ubaya, akawauzia mashine na kugonga muhuri. Bi Nyamizi akapewa barua ya shukrani na kitenge, tena kitenge chenyewe cha kuchuja, akarudi nyumbani kwa mumewe mgonjwa.

Mwaka wa kwanza bei ilishuka kweli, na watu wakamsifu Mtemi mpaka akavimba kichwa. Mwaka wa pili, joto lilipozidi, umeme ukakatika. Wageni wakasema mashine zinatengenezwa. Zote tatu, siku moja! Mtemi aliona ni ajabu, lakini asubuhi hakukuwa tena na simu ya kumweleza chochote.

Siku ya tatu bila umeme, Kabula, binti yake wa pekee, alikuwa amelazwa hospitali kwa homa ya mapafu, anapumulia mashine. Adhuhuri daktari akapiga simu.

"Mtemi, mafuta ya jenereta yanaisha saa tisa. Wanaopumulia mashine ni wawili, binti yako na mume wa Bi Nyamizi. Mfuko wa kumpumulishia mgonjwa kwa mkono tunao mmoja tu. Umeme usiporudi, tuutumie kwa nani?"

"Kwa mwanangu," Mtemi alijibu, upesi kuliko alivyopenda. Kisha akaingia kwenye gari, akaendesha mwenyewe mpaka kwenye maporomoko.

Alitarajia kukuta nyundo, kelele na mafundi waliojaa grisi. Alikuta kimya. Mto ulikuwa umejaa, na maji yote yalikuwa yanapita pembeni ya jengo yakienda zake bure. Ndani, mashine tatu zilikuwa zimefunikwa mashuka meupe, safi, kutoka juu mpaka sakafuni, kama maiti wanaosubiri kuoshwa. Akaweka kiganja juu ya shuka moja, kama Bi Nyamizi alivyokuwa akifanya. Chuma kilikuwa cha baridi, kwenye joto lote lile.

Pembeni, walinzi watatu walikuwa wanakula. Kila mmoja alivaa sare ya kampuni yake, na wote watatu walikula sinia moja.

"Karibu chakula, Mtemi," walisema kwa pamoja.

"Mashine zimeharibika nini?"

"Hazijaharibika. Zimelazwa."

"Zimelazwa zinangoja nini?"

"Kilio," alijibu mmoja wao bila ubaya wowote, huku anatafuna. "Watu wakilia vya kutosha, bei inapanda, ndipo tunaziamsha. Bado hawajalia sana."

"Ziwasheni! Naamuru!"

Walinzi wakatazamana kwa huruma. Mkubwa wao akanawa mkono, akaukausha, akatoa karatasi kwenye droo.

"Amri hiyo uliiuza, Mtemi. Muhuri huu si wako?"

Ulikuwa wake. Akampigia simu mgeni wa kwanza, akajibiwa na sauti ya upole: "Bei mara tano, Mtemi, kwa nchi nzima." Akakata, akampigia wa pili, kisha wa tatu. Namba zilikuwa tofauti, lakini sauti iliyojibu ilikuwa ile ile, na maneno yale yale.

Akakubali. Saa tisa na robo mashuka yakaondolewa. Hakuna kilichotengenezwa, hata msumari mmoja. Mashine zikaanza kunguruma kama vile hazikuwahi kunyamaza.

Alipoingia wodini, taa zote zilikuwa zinawaka na jua bado kali dirishani. Kitu cha kwanza alichokiona ni shuka jeupe, limefunika kitanda kutoka juu mpaka chini.

Kando ya kitanda hicho alikaa Bi Nyamizi. Kiganja chake kilikuwa juu ya shuka, kimetulia, kana kwamba bado anasikiliza. Alimtazama Mtemi, akasema kwa sauti yake ya zile simu za asubuhi:

"Mmoja yuko macho, Mtemi."

Kwenye kitanda cha pili, Kabula alikuwa anapumua. Mtemi alitaka kusema "Ahsante, mama," kama alivyozoea, lakini akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa shuka.

Funzo: Kiongozi akiuza mali ya watu pamoja na haki ya kuihoji, siku ya kulipa ikifika, anayelipa si yeye aliyegonga muhuri.