Avuaye Viatu Huonyeshwa Maji

Avuaye viatu huonyeshwa maji. Mmeisikia mkadhani ni adabu za kuingia msikitini tu, sivyo? Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Kijiji cha Mwakidzo kilikuwa na shida ya maji, shida kwelikweli. Kina mama walitoka alfajiri, wakarudi adhuhuri na dumu mojamoja la tope. Ndipo akaja Nasimiyu, mtaalamu wa maji, na mtambo wake wa kuchimba visima. Kisima cha kwanza kikatoa maji ya chumvi, cha pili vumbi tupu. Ilikuwa Jumanne, na Ijumaa mtambo ulitakiwa kwingine.

Kipimo chake kilionyesha maji mengi chini ya kaya, msitu mtakatifu wa wazee. Humo haukatwi hata ufito, wala mtu haingii na viatu. Nasimiyu, kwa haraka zake, akaingia na buti, akatandaza nyaya za kipimo mpaka katikati. Lo! Wazee walimtoa mbio.

"Watu wanakunywa tope, ninyi mnalinda miti!" alifoka.

Mbeyu, mwenyeji wake, alimpa maji nusu kikombe, yote aliyokuwa nayo. "Dada, kwani uliwauliza?" Nasimiyu akaona haya.

Asubuhi yake alikwenda kwa Mzee Mwaringa, mkuu wa kaya. Akavua buti mlangoni.

"Shikamoo baba. Nimekosa. Leo nimekuja kuuliza."

"Marahaba. Twende."

Wakaupita msitu peku, wakatokea upande wa bondeni, nje ya mpaka. Jua lilikuwa kali. Nasimiyu akasimama ghafla: nyayo zake zilisikia ubaridi.

"Baba, hapa pana nini?"

"Maji ya kaya hupitia hapa. Miti ndiyo inayoyatunza. Tukiikata, nayo yatatuhama. Lakini yana kina, na jembe letu halifiki. Lete vyombo vyako."

Kipimo kikakubali. Alhamisi, kwenye mita sitini, maji matamu yakaruka. Vigelegele vikapigwa, na Mbeyu akalia bila kujificha.

Nasimiyu, ameloa chepechepe, akamgeukia mzee. "Baba, mbona hukunionyesha juzi ile?"

"Juzi ulikuwa na buti, mwanangu. Ningekupitisha hapa mara kumi, usingesikia kitu."

Basi wanangu, ndiyo hiyo. Avuaye viatu huonyeshwa maji.