Mjalidi Badria na Karata ya Mauti

Katika mji wa Qarmazi, wenye misikiti mia na mabustani yasiyohesabika, alitawala Sultani Muntasiri bin Shaddadi, mtu karimu na shujaa, isipokuwa alikuwa na ila moja: hakuweza kunyanyua mguu pasipo kutazamiwa kwa karata. Akitaka kusafiri, karata; akitaka kujenga, karata; hata kinyozi wake hakuthubutu kumgusa ndevu mpaka karata ziseme. Na mtazamiaji wake mkuu alikuwa Zubeiri bin Ghalibu, mzee wa kilemba kikubwa na sauti nzito, ambaye kwa miaka ishirini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amekosea.

Na Sultani alikuwa na mdogo wake, Amiri Hafidhi, msimamizi wa majengo ya ufalme, kijana aliyependwa na waashi kwa kuwa alichanganya chokaa pamoja nao kwa mikono yake mwenyewe. Basi Jumanne moja Zubeiri akapindua karata tatu mbele ya kiti cha enzi, na ya kwanza ikatoka Mnara unaopigwa na radi, na ya pili Mfalme wa Panga, na ya tatu Mauti, mifupa mitupu juu ya farasi mweupe.

"Seyyidi yangu," akasema Zubeiri, "mnara ni enzi yako, na mwenye upanga ni ndugu yako, na mwisho wa jambo hili ni kufa kwako."

Sultani akalia, kwa kuwa alimpenda nduguye, kisha akaamuru atiwe minyororo na akatwe kichwa Ijumaa asubuhi. Lakini moyo wake haukutulia, na alasiri ile ile akamtoa mpiga mbiu, naye akapita mitaani akinadi: "Enyi watu wa Qarmazi! Umetoka Mnara, na Mfalme wa Panga, na Mauti! Awezaye kuzisoma karata hizi kwa namna nyingine na aje mbele ya Sultani, akisema kweli atatunukiwa, na akisema uongo atakufa pamoja na Amiri!"

Mbiu hiyo ilimkuta Badria binti Mselemu katika mtaa wa wauza karatasi. Huyu alikuwa mjalidi, amerithi kwa marehemu baba yake kazi ya kushona vitabu na kuvivika ngozi, na saa ile alikuwa akibandua jalada la kitabu kikuukuu cha tiba. Chini ya ngozi vidole vyake vikahisi uvimbe. Akapasua kwa kisu, na zikamwagika mezani karata sabini na nane, rangi zake mbichi kana kwamba zimechorwa jana. Akazipuliza vumbi, na lo! moshi ukapanda mpaka darini, na ndani ya moshi akasimama jini mwenye pembe moja na ndevu za samawati, na nyayo zake hazikugusa sakafu.

"Lebeka, bibi yangu! Mimi ni Dahashi, niliyefungwa katika karata hizi na yule aliyezichora. Kazi yangu ni kumfundisha kila azishikaye, na amri moja nikiitimiza nitakuwa huru. Lakini wote walionitoa waliniamuru niwatajie siku yao ya kufa, na mimi siijui, nao wakanifungia tena kwa hasira."

Badria alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo umegonga rafu. Hata hivyo sauti ya mpiga mbiu ilikuwa ingali masikioni mwake, na swali likamtoka kabla hajapata muda wa kuogopa vizuri.

"Dahashi, hiyo karata ya Mauti, maana yake ni mtu kufa?"

Jini akacheka mpaka chungu cha gundi kikapinduka. "Hilo ndilo swali la kila anayeanza! La hasha. Mauti katika karata ni jambo linalokwisha ili jingine lipate nafasi. Tazama picha, bibi. Nyuma ya farasi jua linafanya nini?"

"Linachomoza."

"Basi umekwisha kuanza kusoma!"

Badria akafunga duka, na kwa siku mbili hakujali njaa wala usingizi, kwa jinsi alivyopandwa na furaha ya kujifunza. Jini akamwonyesha karata kubwa ishirini na mbili, zinazosimulia safari ya mwanadamu, na ndogo hamsini na sita, zilizogawanyika jamaa nne: vikombe kwa mambo ya moyo, fimbo kwa kazi na hamu, dinari kwa mali na mwili, na panga kwa akili na ugomvi. Akamfundisha kuzichanganya huku amelishika swali kichwani, na kuzipanga tatu tatu: lililopita, lililopo, na linalokuja iwapo hakuna atakayefanya kitu.

"Na ghaibu?" akauliza Badria.

"Ghaibu ni ya Mola peke yake. Picha hizi humfanya mtu atazame kile alichokuwa akikikwepa. Kwa hiyo usiulize, 'Nitakufa?' Uliza, 'Nitazame nini?'"

Mara ya kwanza alipochagua karata kwa ajili yake mwenyewe, akampata Mpumbavu, na uso ukamwiva. "Ananitukana huyu!"

"Huyo ndiye mwanafunzi," akasema Dahashi. "Mguu wake uko ukingoni mwa jabali, hajui kitu, na bado anakwenda."

Ijumaa asubuhi Badria akakwenda. Uwanja wa kasri ulikuwa umejaa watu, na Amiri amepiga magoti kwenye mkeka wa ngozi, na mkata vichwa amesimama nyuma yake na upanga. Zubeiri alipomwona binti mwenye gundi kwenye kucha, akasema, "Umejifunza kwa muda gani, binti?"

"Siku mbili, sheikh."

Watu wakaangua kicheko. Sultani akainua mkono, wakanyamaza.

"Mtukufu Sultani," akasema Badria akimkabidhi karata zake, "nakuomba uzichanganye mwenyewe, na uulize moyoni, 'Kitu gani nisichotaka kukitazama?' Kisha utoe tatu."

Sultani akachanganya na akatoa, na zikaja zile zile: Mnara, Mfalme wa Panga, Mauti! Uwanja mzima ukaguta, na Zubeiri akatabasamu. Lakini Badria akainama juu ya karata, akasema: "Katika jamaa ya panga, mfalme ni yule asemaye ukweli mkali usiopendeza. Mauti ni jambo la zamani kwisha. Na mnara, Seyyidi yangu, mimi ni mgeni tu wa elimu hii, nauona ni mnara. Je, humu kasrini kuna mtu aliyekwambia neno juu ya mnara, na hukupenda kulisikia?"

Sultani akageuka rangi. Amiri Hafidhi akainua kichwa. "Kaka, mara tatu nilikwambia mnara wa magharibi umepasuka msingi."

"Na mara tatu Zubeiri aliniambia kiwanja cha mnara ule alikichagua yeye, kwa karata, na hakiwezi kuwa kibaya," akasema Sultani polepole. Ghafla akasimama. "Mama yangu yumo!"

Kabla hajamaliza, ukasikika mlio kama wa ngoma kubwa ikipasuka, na ufa ukaupanda mnara kutoka chini mpaka juu, na mama yake Sultani akaonekana dirishani na wajakazi wake wakipiga mayowe. Badria akainua karata zote juu ya kichwa, akapaza sauti: "Dahashi! Amri yangu ndiyo hii, ushike mnara huo!"

Jini akatoka katika karata kwa kishindo, akakua mpaka pembe yake ikapita mawingu, akautia bega mnara, na magoti yakamtetemeka kwa uzito. "Fanyeni hima!" akanguruma. Na wa kwanza kukimbilia ngazi alikuwa Amiri, na minyororo yake ikilia vidato vyote, akamteremsha mama yake mgongoni na wajakazi nyuma yake. Alipotoka wa mwisho, jini akajiondoa kando, na mnara ukalala chini na vumbi likafunika mji.

Dahashi akajitazama mikono. "Niko huru," akasema kwa mshangao, akamwinamia Badria, akapaa akicheka kama mtoto.

Sultani akamfungua nduguye minyororo yote, ya pingu na ya dhana, akamkumbatia mbele ya watu. Zubeiri akaletwa ahukumiwe, lakini Badria akamwombea, naye akasamehewa kwa sharti aketi mkekani na wanafunzi wanaoanza. Na hakuna tena aliyehukumiwa kwa karata katika Qarmazi.

Badria akapewa nyumba na bustani na vitabu mzigo wa ngamia kumi. Amiri Hafidhi akaja kumposa, akazitoa karata zake rafuni, akasema, "Ukipenda, ziulize kwanza."

Badria akazipokea, akaziweka mezani kifudifudi. "Hili nimekwisha kulitazama mwenyewe," akasema, na harusi ikafanywa siku saba usiku na mchana. Na fundisho lililobaki kwa waliosikia habari zao ni hili: atakaye kuonyeshwa njia, na akubali kwanza kufumbua macho.