Upande wa Pili wa Doti

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na mwenye haraka aende zake kwa amani. Hadithi hii haina zimwi wala mfalme, na mwisho wake bado unatafutwa.

Palikuwa na wanawake wanne. Arafa alijaliwa kutazamwa: akipita sokoni, hata wauza dagaa walisahau kupunga nzi. Mwajabu alijaliwa jicho: nguo ambayo wewe ungeiita nyekundu tu, yeye angekuonyesha ndani yake wekundu wa pilipili, wa kutu na wa udongo uliolowa. Hidaya alijaliwa kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo haikuwahi kumwacha alale vizuri. Watatu hao waliishi mjini, chini kwenye mashamba ya mkonge. Wa nne, Siwema, aliishi juu milimani, katika kijiji cha Kwemlola, na yeye alijaliwa kungoja. Msikidharau kipaji hicho. Wengi wetu tunajua kukaa. Kungoja ni jambo jingine.

Siwema alikuwa mjane. Mumewe alikufa kwa ukimwi, neno ambalo watu wa Kwemlola hawakulitamka. Walisema amekanyaga waya. Waya aliukanyaga mmoja, mshtuko ukawafikia wawili. Shemeji zake walikuja wakachukua mbuzi, nyumba wakamwachia, kwa kuwa hakuna aliyetaka kulala ndani yake. Majirani hawakumtukana, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu, maana anayekutukana angalau unapata wa kumnunia. Walisimama njiani wakaita, "Siwema, waonaje hali?" Naye akajibu kutoka ndani kwamba ni njema, na nyayo zikaendelea na safari yake. Akazoea kukoka moto mdogo wa chungu kimoja. Alikuwa na vikombe viwili; cha pili kilining'inia msumarini mpaka buibui akakifanya nyumba.

Kila siku alimeza kidonge, na kidonge kilimweka hai. Lakini dawa zilitoka zahanati iliyo ng'ambo ya bonde, na masika ikipamba moto njia huporomoka. Masika moja dawa zilimwishia. Alianguka kitandani, na alipoweza kusimama tena alikuta ngedere wameshamaliza mahindi yake. Hakuna aliyekuwa amejua kama yumo ndani au hayumo. Zahanati ilikuwa na pikipiki, na ilikuwa na mhudumu, Shekiondo, asiyeogopa matope. Lakini tairi zilikuwa vipara na tangi lilikuwa kavu.

Ndipo kiwanda kimoja cha nguo kikapatana na zahanati ile. Kitachapa kanga zenye utepe mwekundu pembeni, ule wanaoubandika watu vifuani siku ya kuwakumbuka wagonjwa wa ukimwi, na faida ya kanga hizo itapanda mlimani. Maneno yake yalikuwa mafupi: UKIJA NIPO. Korja moja, yaani doti ishirini, ikashushwa dukani kwa mzee Badawi.

Sasa mjueni Badawi. Alikuwa mwaminifu, lakini mwaminifu wa kizamani. Kwake korja ni kitu kizima kama yai. Hakufunga hesabu yake wala kutoa faida yake mpaka doti ya mwisho itoke dukani. Shekiondo alishuka kumsihi apeleke kile kilichokwisha kupatikana. Badawi akamkaribisha kahawa, akamwambia kwamba babu yake hakuwahi kukata korja, na pesa ya korja iliyokatwa huingia mkono huu ikatokea ule. Shekiondo akanywa kahawa, akapanda mlima mikono mitupu.

Doti za kwanza zilikwenda upesi, kwa manesi na walimu na wageni wapita njia. Kisha zikabaki tatu kwenye kamba, zikakaa. Wanawake walizishika, wakazikunjua, wakazipenda, wakauona utepe, wakazirudisha taratibu kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Nikijifunga hii," mmoja alimwambia mwenzake, "mama mkwe ataniuliza nimepima lini."

"Na mumeo ataulizwa na nani?" mwenzake akamjibu. Wakacheka, wakanunua kanga za maua ya mkorosho. Huko juu mawingu ya masika yakaanza kutua mabegani mwa milima.

Arafa alisikia kwamba kuna kanga ambayo hakuna mwanamke mjini aliyethubutu kuivaa kwenye shughuli, akaona hiyo ndiyo saizi yake. Akainunua mchana kweupe, akaivaa kwenye harusi, na utepe akautokeza mbele mahali ambapo hata bibi kizee asiyeona vizuri angeuona. Mnong'ono ulipopita meza hadi meza, aliufuata mpaka ulipoanzia. "Mimi nikivaa kitu, dada, kinakuwa fasheni," alisema. "Wewe vaa woga wako, nao unakupendeza." Je, aliwafikiria wagonjwa? Aliwataja sana, hasa palipokuwa na wasikilizaji. Lakini tangu usiku ule utepe ukapungua sumu yake kidogo. Arafa alinunua ili aonekane, na wala hakulificha hilo.

Mwajabu alikuwa amezunguka mji mzima akitafuta kitambaa cha kufanana na pazia la chumba cha binti yake. Alipoiona ile kanga kambani alisimama kama aliyeitwa kwa jina: wekundu wa udongo uliolowa, huo huo. Utepe aliudhani ni ua ambalo mchoraji hakulimaliza. Alilipa, akaenda nyumbani, akakunja pindo, na lile ua likapotelea ndani ya mshono. Hakuuliza faida inakwenda wapi, kama wewe usivyouliza unaponunua chumvi. Mwajabu alinunua kwa sababu nguo ilikuwa nzuri.

Hidaya alipita mbele ya duka mara nyingi kabla ya kuingia. Aliingia saa ya adhuhuri, wateja walipokuwa wachache, akaomba doti iliyobaki bila kuuliza bei. Miaka mingi nyuma dada yake, Sauda, aliugua ugonjwa huo huo katika chumba cha uani, na Hidaya ndiye aliyempelekea chakula. Aliiweka sahani kizingitini, kisha akaisukuma ndani kwa mpini wa ufagio. Sauda hakuwahi kulalamika. Alikuwa akisema "ahsante" kwa sauti ya chini, na mpini unarudi. Ile kanga Hidaya hakuivaa hata siku moja. Aliikunja akaizika chini ya sanduku. Alinunua kwa kuwa mtu wa kumwomba radhi hayupo tena.

Korja ikaisha. Badawi akafunga hesabu, pesa zikapanda, tairi zikanunuliwa, tangi likajazwa, na mvua ya kwanza ikamkuta Shekiondo yuko njiani tayari. Masika yote alipita kwenye matope na dawa zikiwa zimefungwa kifuani. Na Badawi alisema, naye katika hesabu hakuwa mtu wa kutia chumvi: kama mmoja tu kati ya wale watatu asingenunua, korja ingekuwa kambani mpaka leo.

Siwema aliishi. Safari hii mahindi yake aliyavuna mwenyewe. Shekiondo alimkabidhi dawa mlangoni na kuondoka haraka, kwa sababu nyumba za kupitia zilikuwa nyingi, na Siwema alisimama akausikiliza mlio wa pikipiki mpaka ukaisha, kisha akaendelea kuusikiliza.

Njia ilipokauka, Arafa alitaka kwenda kuona jambo alilolifanya. Akakodi gari, akamchukua Badawi. Badawi akawaita na wengine wawili. Mwajabu alikubali kwa kuwa hajawahi kufika milimani. Alipoelezwa habari ya utepe alibaki mdomo wazi, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu. Hidaya alikataa, akakataa tena, na siku ya safari walimkuta amesimama kando ya gari.

Shekiondo alimuuliza Siwema kwanza kama anaridhia wageni. Siwema alisema waje. Akakishusha kile kikombe msumarini, akamwondoa buibui kwa adabu, akaenda kwa jirani kuazima vikombe vingine. Jirani alimpa, akamwambia asihangaike kuvirudisha.

Walipofika aliwapokea, akatandika mkeka, akawatengea chai ya mchaichai na viazi. Badawi na Shekiondo wakatoka kukaa kivulini, kama ilivyo heshima. Lakini kabla ya kutoka, Badawi alimpa Siwema zawadi: doti moja ya UKIJA NIPO aliyoiagiza upya kiwandani, nzima, haijachanwa.

Na hapa lazima mwijue desturi ya wanawake wa Kwemlola. Kwao doti isiyochanwa si nguo tu. Mwanamke akiichana akampa mwenzake upande mmoja, wamekuwa ndugu. Mmoja akiugua, mwingine hujifunga upande wake akaja bila kuitwa. Mmoja akifa, upande wa mwenzake ndio unaotangulia kumfunika. Doti ina pande mbili, hakuna wa tatu, na undugu huo mtu huufunga mara moja tu maishani. Wa rika la Siwema walikwisha kuchana zao zamani, na hakuna aliyekuwa amemchania yeye. Kwa hiyo alipoipokea ile nguo aliipakata. Aliwaeleza wageni wake desturi hiyo kwa maneno machache, akawatazama wote watatu.

Arafa hakuwa mtu wa kuuacha ukimya ukae. Alikuwa amekwisha kupiga picha ya paa, ya jiko na ya viazi. Sasa akaiweka simu chini. "Sikufichi, mwenzangu," alisema. "Mimi napenda kusifiwa. Ukinipa upande huo nitauvaa kila mahali, na jina lako nitalitaja kila mahali. Hakuna atakayethubutu kukucheka mimi nikiwepo."

"Na usipokuwepo?" Siwema akauliza.

Arafa akafikiri kwa kweli, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Nisipokuwepo, nitakuwa nimekwenda mahali penye watu," akasema.

Mwajabu alikuwa amevua viatu tangu alipoingia. Amejinyoosha mkekani kama nyumbani kwa mama yake, amemaliza kikombe, ameomba kingine, na alikuwa akimsifia Siwema wekundu wa udongo wa ukuta. Alikaa kitako. "Mie wataka nikwambie nini, shoga? Chai yako tamu, na hapa ningekaa mpaka kesho. Lakini sitakudanganya. Ningejua ule utepe ni nini, ile kanga nisingeigusa. Ningeiogopa kama walivyoiogopa wenzangu. Mungu alinificha ili mkono wangu utoe."

"Na sasa unajua," Siwema akasema.

"Sasa najua, na chai nishakunywa," Mwajabu akajibu, akanyoosha kikombe kwa mara nyingine.

Hidaya alikuwa amekishika kikombe chake kwa mikono miwili tangu mwanzo. Mvuke ulikuwa umekwisha kutoka, chai imepoa, na utando umejikunja juu yake. Alikiinua mpaka kidevuni, akakishusha. Alipozungumza alizungumza na kikombe. Alisimulia habari ya Sauda yote, ya sahani, ya mpini, ya ile ahsante. "Mimi peke yangu nilinunua nikikujua," alisema. "Jina lako sikulijua, lakini nilikujua wewe. Nimesoma, nimefundishwa, najua kikombe hakiambukizi. Mkono ndio hautaki kujua. Nipe muda, dada."

Siwema alikuwa ameyasikia maneno mawili: lile la "dada", ambalo hajaitwa kwa miaka mingi, na lile la "muda", ambalo analijua kuliko mtu yeyote.

Nje, Shekiondo alikohoa akasema ukungu unashuka na dereva anaogopa kona. Wageni wakasimama. Arafa akatengeneza ushungi, Mwajabu akatafuta viatu vyake, Hidaya akakiweka kikombe chini polepole, kimejaa vile vile. Wakasogea mlangoni wote watatu, wakageuka.

Siwema akaikunjua ile doti. Akatafuta katikati, akatia jino kwenye pindo, akachana kidogo, upana wa kidole. Kisha mkono wake ukasimama.

Pale iliposimuliwa hadithi hii kwanza, wasikilizaji waligombana. Wako waliosema apewe Arafa, kwa kuwa aliuvaa mbele za watu utepe ambao wengine waliukimbia, na mwenye kusema ukweli juu ya ubatili wake si mtu wa kubezwa. Wako waliosema ni Mwajabu, maana nia haiketi mkekani. Anayeketi ni mtu. Wako waliosema ni Hidaya, kwani ni yeye tu aliyetoa akijua anampa nani, ingawa mkono uliotoa bado unaogopa. Na mzee mmoja aliyekaa nyuma alisema kwamba walioshiba wasimchagulie mwenye njaa ya watu.

Basi nanyi tazameni. Mkekani vimebaki vikombe: cha mwenyewe, kimoja kilichonywewa nusu, kimoja kitupu na kimoja kilichojaa chai baridi. Ukungu umefika uani. Mlangoni wamesimama watatu, na nyuma yao hakuna mwingine anayekuja. Siwema ameshika nguo iliyoanza kuchanika, na nguo iliyoanza kuchanika haishoneki ikawa doti tena.

Je, ungekuwa wewe, upande wa pili ungempa nani?