Bei Aliyoiona Bwana Hemedi

Palikuwa na tajiri mmoja Tanga, Hemedi Shekue, mwenye maghala matatu ya sukari na subira isiyojaa kijiko. Alitaka jambo moja tu maishani, nalo haliwezekani: apate kila anachokitaka, saa ileile anayoitaka, kwa bei ileile anayoipenda.

Katika kibanda kimoja cha jengo lake alipanga Mwatumu, mjane, fundi simu. Mtaji wake ulikuwa bisibisi nne na ulimi. Watu wasiojua soko la sarafu za mtandaoni walimwendea awanunulie au awauzie, wakamwachia ya chai.

Siku moja Bwana Hemedi akamjia mbio. Amesikia kuna sarafu changa inapanda. Akagusa kioo cha simu: bei shilingi mia. Akataka sarafu elfu hamsini.

Mwatumu akamweleza taratibu. Soko lile, alisema, wauzaji wamejipanga foleni, wa bei ndogo mbele. Aliye mbele anauza kwa mia, lakini anazo chache. Nyuma yake yupo wa mia na ishirini, kisha wa mia na hamsini, na kuendelea. Ukiagiza kununua papo hapo, unawamaliza mmoja mmoja, na bei inapanda kadiri unavyowamaliza. Ukiagiza kwa bei maalumu, useme mia na si zaidi, agizo linakaa likingoja muuzaji atakayekubali. Asipotokea, hupati kitu.

"Anayetaka sasa hachagui bei, Bwana," akamalizia. "Anayechagua bei hachagui saa."

"Mimi singoji foleni hata hospitali. Bonyeza."

Akamwuliza tena kama ana hakika. Tajiri akagonga meza. Mwatumu akabonyeza.

Kufumba na kufumbua sarafu zikaingia, na kila moja, ukichukua wastani, ilikuwa imemgharimu mia na arobaini. Uso wa tajiri ukavimba kama andazi. Akasema mwanamke huyu amemwibia. Ama alipe tofauti yote kufikia Ijumaa, ama ahame kibanda na kuacha vifaa vyake humo. Kibanda kile ndicho kilichomlisha Mwatumu, mama yake na mabinti zake wawili. Usiku wa kuamkia Ijumaa hakulala. Alfajiri akatoka, akazunguka kugonga milango ya wenye maduka ya rejareja.

Siku hiyohiyo tajiri akaileta kesi baraza la mtaa. Mwenyekiti, Bi Zainabu Mhando, akamtaka tajiri aeleze dai lake.

"Niliona mia," akasema Bwana Hemedi. "Bei ikishatangazwa, imetangazwa. Mfanyabiashara mwaminifu huuza mzigo kwa bei aliyoionyesha."

"Mzigo wote?" akauliza Mwatumu.

"Wote."

"Hata mnunuzi akitaka mwingi, tena leo leo?"

"Hata akitaka kuumaliza."

Mwatumu akaomba maneno hayo yaandikwe, karani akayaandika. Kisha akasema kwamba kwenye ghala moja la Bwana Hemedi pana kibao mlangoni: sukari, kilo shilingi elfu mbili. Mji mzima inauzwa elfu tatu. Basi wenye maduka kumi na wawili wamechanga fedha, wako nje na lori, na wanaomba kununua sukari ya ghala hilo zima kwa bei ya kibao.

Tajiri alicheka. Halafu akachungulia dirishani, akaliona lori, kicheko kikamkauka.

"Kile kibao ni cha kuvuta wateja," akasema.

"Kimeandikwa elfu mbili, Bwana."

"Elfu mbili ni ile mifuko kumi ya mbele! Ikiisha hiyo, inayofuata ina bei yake. Mtu hawezi kuja kuzoa ghala zima kwa mara moja akalipa bei ya mifuko kumi. Kama ameng'ang'ania elfu mbili, akae angoje mpaka siku nitakayopenda mwenyewe kuuza hivyo."

Mwatumu akamgeukia karani.

"Andika na hayo, ndugu yangu, ila uyaandike upande wangu. Huo ndio utetezi wangu wote, na Bwana Hemedi ameusema vizuri kuliko mimi."